Ingia kwa Ujasiri, Ingia kwa Heshima



Leo nataka kuwashirikisha jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni.

Usiku mmoja, miaka michache iliyopita, simu yangu iliita saa 8. Alikuwa dada yangu kutoka nyumbani. Mama alikuwa amezidiwa, wamemkimbiza hospitali, na daktari amewaambia wajiandae kwa lolote. Nilienda sebuleni nikapiga magoti.

Maneno hayakuja. Mimi ninayeongoza kesha, sikupata hata sentensi moja. Na sababu niliijua. Jioni hiyo nilikuwa nimemfokea mke wangu mbele ya watoto, nikalala bila kumwomba msamaha. Nikajiuliza, Mungu atanisikiaje?

Kisha nikafanya jambo baya zaidi. Nilianza kumhesabia Mungu kazi zangu. Nikamkumbusha miaka niliyomtumikia, mifungo, mazishi niliyosimamia, wagonjwa niliowaombea. Nilisema kama mtu aliyekuja kudai deni. Mpendwa, wakati mwingine tunaita hiyo imani, lakini ni hofu tu iliyopaza sauti.

Hapo Roho Mtakatifu akanikumbusha Esta. Mfalme hakuwa amemwita kwa siku 30. Sheria ilikuwa kwamba anayeingia ua wa ndani bila kuitwa atauawa, isipokuwa mfalme amnyoshee fimbo ya dhahabu. Esta akafunga siku 3, akavaa mavazi ya kimalkia, akaingia bila kujua kama fimbo itanyoshwa. Kuhani mkuu naye aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku moja tu kwa mwaka, na hakuthubutu kuingia bila damu (Walawi 16).

Sisi je? Waebrania 4:16 inatualika tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Lakini barua hiyo hiyo, 12:28-29, inatuambia tumwabudu kwa unyenyekevu na kicho, kwa sababu Mungu wetu ni moto. Nilikuwa nikidhani maandiko haya mawili yanavutana. Usiku ule nikaona yanasimama juu ya msingi mmoja, damu ya Yesu. Ukijua damu hiyo iligharimu nini, huwezi kuingia ukidai. Ukijua kwamba inatosha, huwezi kubaki nje. Fimbo imeshanyoshwa!

Niliinuka, nikamwamsha mke wangu, nikamwomba msamaha. Sikufanya hivyo ili ninunue jibu. Nilifanya kwa sababu nilikuwa nikienda mbele za Mfalme. Tukapiga magoti pamoja, nikasema: "Baba, sina cha kukuonyesha. Nimekuja kwa jina la Yesu. Nakuomba umponye mama yangu. Na usipomponya, wewe bado ni Baba yangu."

Mama aliishi siku 9 zaidi, kisha akalala katika Bwana nikiwa nimemshika mkono. Sikupata nilichoomba. Lakini nilipata siku 9 za kukaa naye, amani ambayo siwezi kuieleza, na mke wangu akiwa kando yangu kaburini. Sikutoka mbele ya kile kiti mikono mitupu.

Labda wewe hujaomba kwa wiki kadhaa kwa sababu ya aibu ya jambo ulilofanya. Usingoje uwe msafi ndipo uje. Njoo, yeye ndiye anayesafisha. Na wewe unayeomba kama mdai, shusha sauti. Unaongea na Baba, lakini Baba huyu ni Mfalme.

Tuombe: Baba, tunakuja kwa sababu ya Yesu, si kwa sababu yetu. Ondoa aibu inayotuweka mlangoni, na kiburi kinachotusahaulisha wewe ni nani. Tupe moyo wa mtoto, na magoti ya mtumishi. Katika jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe sana. Kama kuna mtu hujapatana naye, mpigie leo kabla ya maombi ya jioni.