Simu Yenye Picha ya Mtoto

Ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia habari ya simu mbili: moja niliyoiacha na moja niliyoinunua. Pengine itamfaa mtu mwenye fedha chache kama mimi.

Sisi twakaa Kavumu, kilometa 30 hivi kaskazini ya Bukavu. Mwezi wa Februari 2025 vita vilitufikia. Tarehe 14 wapiganaji wa M23 wakauchukua uwanja wa ndege. Katika kukimbia tulikutana na watu wenye bunduki njiani, nao wakaninyang'anya simu yangu. Nilimshukuru Mungu kwamba walichukua simu tu.

Baadaye tulirudi nyumbani. Binti yetu aliyeolewa Lubumbashi akajifungua mtoto mwanamume. Sauti ya binti twaliisikia katika simu ndogo ya jirani, lakini uso wa mjukuu hatukuuona. Mke wangu akasema, "Baba, mtoto atakua hata aote meno, nasi hatumjui." Basi tukauza maharage, tukaweka akiba pole pole, hata tukafikisha dola 45. Kwa fedha hizo nisingepata simu mpya iliyo nzuri. Nikatafuta iliyokwisha tumika.

Kando ya barabara kijana mmoja akanionyesha simu nzuri sana, akataka dola 40. "Mzee, dukani hii yapita mia." Nikaiwasha. Ilikuwa imefungwa, na juu ya kioo ikatokea picha ya mtoto mchanga amelala mapajani mwa mama.

Nikauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?"

"Sijui, mzee. Mimi pia niliinunua. Yuko fundi, atafuta yote kwa dola 5."

Arobaini na tano! Hesabu ilitimia kabisa. Sitaficha: niliishika simu ile muda mrefu. Nilijiambia, mwenyewe hataipata tena, hata nisipoinunua mimi. Tena yangu ilipochukuliwa, nani alinihurumia? Ndipo nikawaza kwamba huenda simu yangu nayo iko mkononi mwa mzee mwingine, naye ahesabu dola zake. Ndani yake ilikuwamo picha ya pekee ya marehemu mama yangu. Nayo yafutwa kwa dola 5.

Nikamrudishia kijana simu yake, nikaenda zangu.

Tangu utoto twafundishwa kwamba amri ya saba haimhusu mwizi peke yake. Yamhusu pia anunuaye mali ya wizi hali akijua. Maana mwizi hanyang'anyi simu kumi ili azungumze nazo zote. Anyang'anya kwa sababu ajua wako wanunuzi. Na mnunuzi huyo aweza kuwa mimi, ninayekaa benchi la mbele kanisani.

Baada ya majuma mawili mama mmoja wa jumuiya yetu alipata simu nyingine, akataka kuuza ile ya zamani kwa dola 35. Pembe ya kioo ilikuwa imepasuka. Nikaenda na fundi ninayemwamini, tukaikagua bila haraka, na mambo haya nawaandikia ninyi pia.

Kwanza tulibonyeza *#06#. Ikatokea namba ya simu yenyewe, tarakimu 15. Tukailinganisha na namba iliyoandikwa juu ya boksi lake: zilikuwa sawa. Pili, tuliweka kadi yangu, tukapiga, tukasikiliza, tukapiga picha, tukajirekodi sauti. Tatu, tuliichomeka umemeni tuone kama yapokea moto, tukapapasa mgongo wake. Batri iliyovimba ni hatari, usiinunue. Batri hizi huchoka: nyingi, zikiisha kujazwa mara 500 hivi, nguvu yake hupungua sana. Nne, tuliangalia umri wa Android yake. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haikubali Android iliyo chini ya 5, na simu ya namna hiyo isingetuonyesha mjukuu. Ile ilikuwa na 8. Mwisho, mama yule aliondoa akaunti yake mwenyewe mbele yetu. Isipoondolewa, simu ikifutwa huweza kuidai tena, nawe utabaki na kioo kitupu. Tukaandika karatasi ya mauzo, na fundi akawa shahidi.

Dola 10 zilizobaki nilinunua chaja na vocha.

Jumapili, baada ya Misa, tukampigia binti yetu. Picha ilikatika mara tatu kwa sababu mtandao ulikuwa dhaifu. Mara ya nne mtoto akatokea, anapiga miayo. Mke wangu akaweka kidole juu ya kioo, palepale penye ufa, akasema, "Masikio ni ya baba yako." Kisha akalia.

Simu yetu si nzuri. Jioni haijafika, batri imekwisha. Na mtoto yule wa picha ya kwanza bado namkumbuka. Mama yake sikuweza kumsaidia neno. Walakini asubuhi nikiiwasha simu hii, siogopi uso utakaotokea.

Ndugu msomaji, siku utakapokwenda kununua, ukague batri, ukague kioo. Tena uliza simu imetoka kwa nani, na usikilize vema jibu.