Pikipiki ya Baba Ilivyonifichua

Kwa zaidi ya miaka 20 pikipiki ya baba ilisimama ghalani nyumbani kwetu Kangundo, imefunikwa magunia, kuku wakitaga mayai juu ya kiti chake. Ni BSA Bantam, ile ndogo ya kijani, ambayo baba aliinunua mwaka 1976 ikiwa tayari imetumika, alipokuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Watoto wa kijiji waliitambua kwa mlio wake kabla haijatokeza kwenye kona.

Mwaka jana, baba alipotimiza miaka 75, aliniuliza kwa simu, "Hivi ile mashine yangu haiwezi kunguruma tena kabla sijaenda zangu?" Nilimwahidi kwamba nitaifufua. Lakini msomaji, baada ya kukata simu niliingiwa na baridi. Nilijua vyema ni nani aliyeiua.

Ilikuwa mwaka 2002, nikiwa na miaka 13. Baba alikuwa amepanda matatu kwenda mkutano wa walimu mjini Machakos. Nilichukua pesa za sadaka, nikanunua petroli chupa moja, nikaimimina kwenye tangi lililokuwa kavu. Nilikuwa nimemwona baba mara nyingi akichanganya petroli na oili katika mkebe, lakini kwa akili zangu za utotoni nilidhani oili ile ni ya kuongeza moshi tu. Sikufika mbali. Injini ilianza kulia, ikaishiwa nguvu, kisha gurudumu la nyuma likakwama ghafla nami nikagaragara vumbini. Niliisukuma hadi nyumbani, nikaifuta vizuri, nikanyamaza.

Jioni baba aliikanyaga kiki ikakataa kushuka. Mwezi uliotangulia, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 17, alikuwa ameiendesha bila ruhusa hadi sokoni. Hakukuwa na haja ya kesi. Alichapwa mbele yangu huku akiapa kwamba hakuigusa, kisha akakatazwa asiguse tena spana za baba. Yeye ndiye aliyependa mitambo katika nyumba yetu. Leo ana duka Nakuru, na kwa miaka mingi alikuwa akija nyumbani Krismasi tu, akizungumza na baba kama mgeni azungumzavyo na mwenye nyumba.

Niliipeleka injini kwa fundi mmoja mzee wa Kariobangi Light Industries. Alipong'oa silinda aliitazama kwa muda, akapitisha kidole ndani. "Ndugu, hii haikufa kwa uzee," alisema. "Ilinyweshwa petroli tupu."

Alinieleza taratibu. Injini ya aina hii haina oili inayozunguka ndani yake kama ya gari. Oili yake huja pamoja na petroli: sehemu moja ya oili kwa sehemu 20 za petroli. Ikikosekana, joto hupanda, na pistoni, ambayo ni ya alumini, hutanuka kupita silinda ya chuma inayoizunguka, hadi ikanasa. Kwenye ukuta wa silinda kulikuwa na michirizi ya alumini iliyoyeyuka. Uongo wangu ulikuwa umeandikwa pale muda wote huo.

Kutafuta vipuri kulinifunza subira. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza, kilikufa mapema katika miaka ya 1970, na Bantam yenyewe iliingia sokoni mwaka 1948. Hata hivyo, ina ukoo mkubwa. Ilinakiliwa kutoka pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. Warusi na Wamarekani waliiiga pia, na hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilifuata mfano huohuo. Lakini ukoo si kipuri, nami nilizunguka Gikomba na barabara ya Kirinyaga, ile ya zamani ya Grogan, nikiwa na pistoni iliyoharibika mkobani.

Mwishowe, katika lundo la vyuma chakavu, tulipata injini nyingine ya Bantam, imevunjika upande wa gia lakini krenki na silinda yake ni nzima. Tuliitoa viungo kama daktari ampaye mgonjwa figo ya mwingine. Beringi tulizipata kwa kufuata namba zilizochongwa juu yake. Silinda ilikerezwa upya ndani, ikatiwa pistoni kubwa kidogo na ringi mpya. Sili za krenki fundi hakukubali ziwe za mtumba. Alisema katika injini hii hewa na petroli hupitia kwanza chini, kwenye krenki, kwa hiyo penye upenyo wa hewa hapana nguvu.

Wakati wa Pasaka niliirudisha Kangundo kwa pikapu, nikamwomba kaka aje tuifunge pamoja. Tulipokuwa tukikaza nati za mwisho, baba, aliyeketi kivulini na mkongojo wake, aliuliza, "Fundi alisema ni nini kilichoiua?"

Ningeweza kusema ni uzee. Badala yake niliitoa pistoni ile mkobani nikaiweka mkononi mwake, nikasimulia yote.

Baba aliigeuzageuza pistoni bila kusema neno. Kisha akainuka, akamwendea kaka yangu. "Mwanangu," alisema, "nilikuchapa kwa kosa lisilo lako, na ulikuwa ukiniambia kweli. Nisamehe." Sikuwahi kumsikia baba akiomba msamaha. Kaka alifuta mikono yake kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Imepita, Baba," alisema. Mimi hakunitazama.

Alichukua ule mkebe wa zamani, akapima oili mara mbili, akachanganya mwenyewe. Alikanyaga kiki mara sita bila jibu. Mara ya saba moshi wa buluu ulitoka, na mlio ule wa utotoni ukajaa uani. Baba alicheka, machozi yakimtiririka.

Sitadanganya kwamba mambo yamekwisha. Nikimpigia kaka simu, bado hunijibu kwa maneno machache, na ana haki. Lakini tangu Pasaka amekwenda kumwona baba mara mbili, na haikuwa Krismasi.

Wazazi, kabla ya kuinua kiboko, sikilizeni. Nanyi mnaoficha jambo mkingoja lisahaulike, kumbukeni kwamba kuna mwingine anayelilipia. Silinda hukerezwa ikawa mpya kwa siku moja. Miaka ya kaka yangu sijui nitaipata katika lundo gani la chakavu.