Atangaye na Jua

Wahenga walinena kwamba atangaye na jua hujua. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa msafiri wa nchi za mbali, lakini inamwafiki pia Desiree Ellis wa Afrika Kusini, mwanamke aliyelitembea jua la kandanda tangu utotoni hadi akakijua kivuli chake.

Ellis alizaliwa Cape Town mwaka 1963, ubaguzi wa rangi ukiwa umeshika hatamu. Kwa miaka mingi nchi yake ilifungiwa nje ya soka ya kimataifa, na mlango haukufunguliwa hadi mwaka 1992. Timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, ilipocheza mechi yake ya kwanza tarehe 30 Mei 1993, Ellis alikuwa na umri wa miaka 30. Katika umri ambao wengi huanza kuwazia kutundika njumu, yeye ndipo alipozivaa kwa niaba ya taifa. Swaziland ililazwa mabao 14 kwa nunge, naye akafunga matatu. Hata hivyo, furaha hiyo ilikuwa na bei. Kwa sababu ya mchuano huo alipoteza kazi yake ya kuchanganya viungo vya nyama. Taifa lilipata kiungo wa kati. Nyumba yake ikapoteza mshahara.

Baadaye alikuwa nahodha, kisha akastaafu. Je, mchezaji akishavua jezi, hupeleka wapi yale aliyoyajua? Ellis aliyapeleka kwenye benchi. Alikuwa msaidizi wa Vera Pauw, kocha kutoka Uholanzi, na Pauw alipoondoka mwaka 2016 akawa kaimu. Ukaimu huo ulidumu zaidi ya mwaka mmoja. Hakuthibitishwa hadi mwaka 2018. Kungoja hakukuwa jambo geni kwake.

Tofauti ya kazi hizi mbili si ndogo. Mchezaji akikosea, huukimbilia mpira na kulisahihisha kosa kwa mguu wake mwenyewe. Kocha hana mguu. Hukaa pembeni, amefungwa na mstari wa chokaa, akitumaini kwamba alichokipanda mazoezini kitaota katika miguu ya wengine. Mwezi Desemba mwaka 2018, jijini Accra, Ellis alisimama kwenye mstari huo huku Nigeria ikiibwaga timu yake kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa fainali ya tano ambayo Afrika Kusini ilikuwa imeipoteza, baada ya zile za 1995, 2000, 2008 na 2012. Mwaka 2019 aliipeleka timu katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, nchini Ufaransa. Ilishindwa mechi zote 3.

Mwingine angekata tamaa. Lakini tarehe 23 Julai 2022, mjini Rabat, Hildah Magaia alifunga mara mbili, wenyeji Moroko wakalala 2-1, na kombe likaenda kusini. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia, Thembi Kgatlana aliifunga Italia katika dakika za nyongeza. Afrika Kusini ikashinda 3-2 na kuingia katika raundi ya timu 16 kwa mara ya kwanza.

Mabao hayo hayakuandikwa kwa jina la Ellis, na hapo ndipo fahari ya ukocha ilipo. Alipokuwa mchezaji, alitoa kazi yake ili apate kucheza. Alipokuwa kocha, ilimbidi atoe kitu kigumu zaidi: ile tamaa ya kuugusa mpira yeye mwenyewe. Aliyetangatanga juani hakuishia kujua tu. Aliwaonyesha njia waliokuja nyuma yake, kisha akasimama pembeni, akawaacha wapite.