Juliet Hakuuawa na Mapenzi

Ukitaka kuanzisha ubishi kijiweni, wataje Romeo na Juliet. Kila mtu anawajua, hata yule ambaye hajawahi kukishika kitabu chenyewe. Mvulana akizidi kumfuatafuata binti wa watu, basi keshaitwa Romeo. Mmoja atakwambia mchezo ule unahusu mapenzi, habari imekwisha. Aliyepitia fasihi darasani ataongeza dhamira nyingine: chuki, majaliwa, pupa ya ujana, mgongano wa wazee na vijana. Orodha nzuri hiyo, na kwenye mtihani itakupatia alama. Lakini orodha haituambii ni nini hasa kiliwaua wale watoto.

Mwalimu Nyerere alitutafsiria Julius Caesar na Mabepari wa Venisi miaka ya 1960, lakini huu hakuutafsiri, kwa hiyo mimi niliufikia kwa Kiingereza, kamusi ikiwa kando. Kila nikiurudia naona kuna neno moja limejificha chini ya dhamira zote. Neno lenyewe ni siri. Hebu tufuatane, ndugu msomaji.

Tuanze na muda. Shakespeare aliuandika mchezo huu katikati ya miaka ya 1590, na ukachapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597. Hadithi yenyewe hakuibuni yeye. Ilikuwa imekwisha pita Italia na Ufaransa, na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke akaiandika kwa utungo mrefu wa vina. Kwa Brooke mambo yanachukua miezi. Shakespeare akaibana: Jumapili asubuhi watu wanapigana barabarani mjini Verona, Jumapili usiku vijana wanaonana karamuni, Jumatatu mchana wanafunga ndoa, na kabla jua la Alhamisi halijachomoza wote wawili ni maiti. Juliet naye akampunguza umri. Kwa Brooke anakaribia miaka 16, kwa Shakespeare hajatimiza hata 14.

Sisi tunaojifunza kuandika tupaangalie hapo. Mkato ule si wa kuongeza mbio tu. Siri ikikaa miezi, mtu ataifumbua, au mwenye nayo atapata ujasiri wa kuisema. Siri ya siku nne haimpi mtu nafasi ya kujikohoza.

Halafu kuna chuki ya koo mbili, Capulet na Montague. Soma mchezo wote, hutakuta mahali tunapoambiwa ugomvi ulianzia wapi. Wanaofungua mchezo kwa matusi na panga ni watumishi! Na usiku wa karamu, Tybalt anapomtambua Romeo na kutaka kumvamia, ni mzee Capulet mwenyewe anayemzuia, anasema kijana yule anasifika mjini kwa tabia njema. Umeona? Chuki kwa wazee ilikuwa imeanza kuchoka. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, lakini hakuna aliyebisha hodi.

Usiku huohuo Romeo na Juliet wanakutana. Mistari 14 ya kwanza wanayosemezana inatengeneza shairi moja kamili la kizungu, huyu anatoa mstari, yule anampokea kwa kina, kama malenga wawili waliokaa mkeka mmoja. Wanalingana kabla hawajaulizana majina. Wakishajua majina ndipo wanaanza kunong'ona, na toka hapo hawasemi tena kwa sauti mbele ya watu.

Sasa, nani walijua? Alijua yaya aliyemnyonyesha Juliet. Alijua Laurence, mtawa aliyewafungisha ndoa. Alijua pia Balthasar, mtumishi wa Romeo. Yaya na mtawa ni watu wazima na wote wanawapenda watoto hawa, ila wanawasaidia gizani. Mtawa anasema wazi kwamba anakubali kuwaoza ili ndoa igeuze uhasama wa koo kuwa undugu. Jamani, ndoa ya kupatanisha koo mbili, halafu koo zenyewe hazina habari!

Malipo ya siri yanaanza saa chache tu baadaye. Tybalt anamtafuta Romeo barabarani apigane naye. Romeo ametoka kumwoa binti wa shangazi yake Tybalt, hataki kupigana, na hawezi kusema kwa nini. Anabaki kuzungukazunguka na maneno matamu ambayo kwa aliyesimama pale yananuka woga. Rafiki yake Mercutio haelewi, anaona aibu, anachomoa upanga, anachomwa. Maiti wa kwanza wa siri si mpenzi. Ni mtu ambaye hata si wa ukoo wowote kati ya ile miwili, na anakufa bila kujua amekufa kwa ajili ya nini.

Jumanne ndiyo inayoniuma zaidi. Baba mtu keshampa Paris binti yake. Siku mbili nyuma alikuwa anamwambia huyohuyo Paris kwamba mtoto bado mdogo na idhini yake inahitajika. Leo anaapa kwamba asipokubali atamtupa njiani afe na njaa. Juliet ni mke wa mtu, na hawezi kulitamka hilo. Anamgeukia yaya, na yaya, aliyepeleka ujumbe na kuleta ngazi ya kamba kwa mikono yake, anamwambia amchukue Paris, huyu ni bora.

Sehemu hiyo siwezi kuisoma kama mwanafunzi wa fasihi. Nilipokuwa darasa la nne nilikuwa tarishi wa mapenzi. Dada mmoja wa mtaani kwetu alikuwa ananipa barua iliyokunjwa mara nne, naipeleka kwa kaka mmoja fundi redio ng'ambo ya barabara, ujira wangu pipi mbili. Dini zao zilikuwa tofauti. Shangazi yake yule dada alijua kila kitu, ndiye aliyekuwa anamwachia mlango wa uani wazi. Siku ilipoletwa posa ya mtu mwingine, mimi nilikuwa pale, nimetumwa soda za wageni. Dada alimtazama shangazi yake. Shangazi akasema, “Mwanangu, huyu ni riziki, usiipige teke.” Hakufa mtu. Dada aliolewa akapelekwa mbali, na fundi redio akahama. Lakini nilipofika kwa yaya wa Verona nilifunga kitabu kwanza. Sauti ile nilikuwa naijua.

Wala tusijidanganye kwamba umri wa Juliet ni habari za kale za Wazungu. Uingereza ya wakati wa Shakespeare sheria ilimruhusu msichana kuolewa tangu miaka 12, ingawa wengi wa watu wa kawaida waliolewa wamekwisha vuka 20. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo. Neno la Juliet kuhusu mwili wake mwenyewe lilikuwa bado linajadiliwa mahakamani karne nne baada yake.

Najua mshikaji mmoja atanirukia: “Wewe, na ile barua je?” Ana hoja. Juliet anapewa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na Romeo, aliyefukuzwa mji, anaandikiwa barua ili aje amchukue kaburini. Barua anapewa mtawa mwingine, John. Huyu anakwenda kumtafuta mwenzake wa safari, anakutwa katika nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni, na walinzi wa afya ya mji wanawafungia ndani. Barua haifiki Mantua. Watazamaji wa London hawakuhitaji maelezo hapo. Tauni ilikuwa imefunga kumbi zao za michezo kwa muda mrefu kati ya mwaka 1592 na 1594. Bahati mbaya? Ndiyo, na mchezo wenyewe unatutajia nyota tangu utangulizi. Lakini barua hiyo moja ilibebeshwa roho mbili kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeruhusiwa kujua. Balthasar, ambaye hakuambiwa habari za dawa, alifika Mantua salama kabisa na habari za uongo. Tauni ilikuta siri imekwisha fanya kazi yake.

Na yule mtawa alikuwa na nafasi. Jumatano asubuhi alikuwa ndani ya nyumba ya Capulet. Wazazi wanalia juu ya mtoto ambaye yeye anajua ni mzima, naye anawahubiria wavumilie, yuko peponi! Hapo hapahitajiki nyota. Panahitajika sentensi moja.

Sentensi hiyo inakuja Alhamisi, makaburini. Romeo amekunywa sumu aliyoinunua kwa dukati 40 kutoka kwa muuza dawa fukara. Juliet ameamka, mtawa amesikia vishindo vya walinzi akakimbia, na binti amejichoma kwa jambia la mumewe. Mtawa anakamatwa, analetwa mbele ya mtawala na wazazi, na hapo anaeleza yote: nani kamwoa nani, lini, dawa, barua. Hotuba nzima haizidi dakika chache jukwaani. Ikiisha, mtawala anasema mtawa huyu siku zote amejulikana kuwa mtu mtakatifu, na wale wazee wawili wanapeana mikono papo hapo. Yale yaliyoogopwa tangu Jumapili hayakutokea. Hakuna aliyechomoa upanga.

Kisha Montague anaahidi kumsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu tupu, na Capulet anaahidi ya Romeo isiyopungua thamani. Wanashindana tena, safari hii kwa dhahabu. Darasani tuliambiwa huo ndio upatanisho, na mimi sikatai. Ila natamani anayeandika mchezo wa vijana wetu leo aianze hadithi kabla ya dhahabu, Jumatatu ile mchana, kwa mtu mzima mmoja anayewashika mkono wote wawili, anawapeleka sebuleni kwa mzee Capulet, na kukohoa.