Paka wa Lamu na Mlango Uliofungwa

Safari ya Mombasa hadi Lamu huchosha viungo. Basi hukomea Mokowe, na kutoka hapo ni mashua. Tuliteremka gatini alasiri, sisi wanawake wanne na watoto wetu, tuliokwenda kuwazuru jamaa. Wa kwanza kutulaki hakuwa mtu. Alikuwa paka mwembamba, mrefu wa miguu, ameketi juu ya ukuta akitutazama kama mwenye mji.

Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro visivyopitika kwa gari. Punda hubeba mizigo, na paka huwaweka panya mbali na majiko. Wageni wengi husema umbo la paka hawa lafanana na lile la paka waliochorwa na Wamisri wa kale. Asubuhi hukusanyika penye wavuvi, wakingoja vichwa na matumbo ya samaki.

Jamaa zetu walituonyesha nyumba moja ya mawe. "Bibi wa humo hana haja na watu," walisema. "Yeye na paka wake tu."

Siku ya pili tulikwenda na mkate wa sinia. Tulipiga hodi mara tatu, kama ilivyo adabu, na tulikwisha kugeuka ndipo tukasikia komeo. Ndani mlikuwa na paka saba.

"Mnisamehe, wanangu," alisema bibi. "Nilipofiwa na mume wangu, watu waliniuliza habari za mirathi hata eda sijamaliza. Kila aliyeingia alitoka na neno la kwenda kulisimulia. Paka hula, hulala, na siri yangu hubaki humu."

Tulinyamaza. Paka hamuulizi mtu mbona hakuzaa, wala mbona nyumba imechakaa. Moyo uliojeruhiwa kwa ulimi hutafuta mwenzi asiye na ulimi wa kusema. Huo si wazimu.

Wala mapenzi hayo si kosa. Sahaba Abu Huraira alijulikana kwa lakabu ya kijipaka. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na akaonya kwa habari ya mwanamke aliyemfunga paka hata akafa kwa njaa.

Lakini bibi alituambia na jambo jingine. Mwaka uliopita alishikwa na homa siku tatu. Paka walimlalia miguuni, wala hapakuwa na mtu aliyejua. Paka hupasha miguu joto. Hajui kupika uji, wala kumwita daktari.

Twafundishwa pia kuwa Muumini anayechanganyika na watu na kusubiri maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko anayejitenga. Mara nyingi twawasomea mafundisho hayo waliojifungia, kama lawama. Katika chumba kile tuliyasikia upande wa pili: ikiwa yuko anayesubiri maudhi, basi yuko anayeyatia. Ni nani, kama si sisi majirani na jamaa?

Tuliporudi, tuliulizwa kwa hamu, "Mmeona nini ndani?"

"Tumeona paka," tukajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake tulipeleka samaki, wa bibi na wa paka. Mlango ulifunguliwa kwa hodi ya kwanza. Kabla ya kuondoka tulimwomba binti mmoja wa jamaa zetu, msichana mwenye kuuhifadhi ulimi wake, awe akipita kila jioni kumjulia hali. Bibi alikubali. Ametupa na idhini ya kuyaandika haya, kwa sharti tusimtaje yeye wala kichochoro chake.

Huenda katika mtaa wako pia upo mlango kama huo. Piga hodi, kaa kidogo, na utokapo, usitoke na neno.