Upana wa Baiskeli Moja

Daraja la kwanza ninalolikumbuka kijijini kwetu lilikuwa na upana wa baiskeli moja na mtu anayeikokota. Wawili hawakuweza kupishana. Aliyetangulia kukanyaga mbao alipiga kengele, wa ng'ambo akasubiri. Na kama ulikuwa mtoto, ulisubiri hata ukiwa umetangulia wewe. Magogo yalilazwa juu ya nguzo za miti zilizochimbiwa katikati ya maji, juu yake zikapigwa mbao za kila aina, na pembeni ikafungwa mianzi ya kushikilia. Hiyo ni miaka ya 1980, huku kwetu Mbugani, wilayani Kyela, kwenye mmoja wa mito midogo inayoingia Mbaka kabla Mbaka nao haujaingia Ziwa Nyasa.

Asiyeijua Kyela atashangaa kwa nini daraja lipimwe kwa baiskeli. Nchi yetu ni tambarare kutoka Kasumulu mpaka karibu na Matema, na kabla ya bodaboda kila kitu kilipanda keria: mpunga, mikungu ya ndizi, nguruwe aliyefungwa miguu na kuguna njia nzima, vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, mgonjwa, hata jeneza. Tata, yaani baba, alikuwa na Phoenix nyeusi, akaiongezea vyuma kwenye keria ili ihimili magunia mawili. Alipofika darajani alishuka, akaelekeza mpini kwa mkono mmoja na kushika gunia kwa mwingine, akavuka akiwa kimya. Hakuruhusu mtu amsemeshe pale.

Na tambarare hiyohiyo ndiyo shida yake. Mvua ya kwetu hufikia milimita 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka, na nyingi humiminika Machi mpaka Mei. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote hushuka kutoka milimani kwa kasi, ikifika bondeni inakosa pa kwenda. Songwe umehamahama kiasi kwamba Tanzania na Malawi zimelazimika kukaa pamoja kuutafutia dawa, kwa sababu ukihama wenyewe, na mpaka unaleta maneno. Kijito chetu hakikuwa na makuu hayo, ila kila masika kilileta magogo na migomba iliyong'oka, ikakwama kwenye nguzo zile za katikati, maji yakajaa nyuma yake, na asubuhi moja daraja halipo. Watani zetu wa juu, Rungwe, wamejaliwa Daraja la Mungu, mwamba uliojilaza wenyewe juu ya Kiwira. Sisi wa bondeni hatukupewa cha bure. Tulijenga upya kila mwaka, kwa miti iliyokatwa ukingoni palepale, na ukingo ukazidi kumomonyoka kwa kukosa miti.

Daraja la pili lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Wazazi walichanga, mfanyabiashara mmoja akatoa chasisi ya lori bovu, fundi akailaza juu ya kuta mbili za zege na kupigilia mbao. Tukaliona la kudumu. Upana ulikuwa uleule au ulizidi shubiri moja, kwa kuwa chasisi ndiyo iliyoamua. Lilihimili mafuriko mengi kuliko tulivyotarajia, lakini kutu haina haraka. Mbao nazo ziliibwa moja moja, nyingine zikaonekana baadaye kwenye mabanda ya nguruwe, na kila mtu akajifanya hazitambui. Pikipiki zilipozagaa, vijana wakavuka bila kushuka, na abiria mmoja akaangukia majini pamoja na kuku wake. Watu walicheka kwa sababu alitoka salama. Baada ya hapo mkutano wa kijiji ukaandika barua ya kuomba daraja jipya.

Barua ilijibiwa baada ya muda mrefu, na jibu lenyewe lilikuwa la watu: mhandisi, mpima ardhi, na dada mmoja kijana aliyekuja na daftari na buti za mpira. Huyo ndiye aliyetuchanganya. Tulizoea wataalamu wanaouliza upana wa mto na bei ya kokoto. Yeye aliuliza maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, wazee wakampeleka kwenye mwembe na kumwonyesha alama shinani. Akauliza wanawake wanateka wapi na ng'ombe wanakunywa wapi. Akauliza samaki.

Maswali yake yalitokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004; kanuni zake za tathmini ni za 2005, zikarekebishwa 2018 na kuipanga miradi katika makundi: mikubwa hufanyiwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira, midogo huweza kupita kwa andiko fupi linalosajiliwa na kuchunguzwa na mamlaka ya mazingira ya taifa. Daraja kama letu halikuwa la kutisha mtu. Hata hivyo uchunguzi huo ulituchelewesha masika mawili mazima, na waliokuwa wakipitisha magunia juu ya mbao zilizooza walikuwa na haki ya kunung'unika. Mimi nilinung'unika kidogo, kisha nikaanza kusikiliza.

Kuhusu samaki, aliyejibu ni bibi mmoja mjane wa mvuvi. Alisema mbasa hutoka ziwani na kupanda mito kwenda kutaga kwenye changarawe, na kwamba tangu chasisi ilipowekwa, watu walianza kuchota changarawe ileile ya juu kidogo ya daraja, iliyo karibu na njia. Dada akaandika. Mbasa ni fahari ya meza ya Kyela na anazidi kuadimika, lakini sikuwahi kumsikia mtu akimtaja kwenye kikao cha daraja. Mchoro wa daraja jipya uliporudi haukuwa na nguzo yoyote katikati ya maji. Kuta zilisogezwa nyuma na kuinuliwa juu ya ile alama ya mwembe, na kazi ya mtoni ikapangiwa kiangazi. Kokoto zingeletwa kutoka kwingine. Kigoma wamejenga madaraja mengi ya matao ya mawe kwa msaada wa Ubelgiji, kwa bei nafuu kuliko zege, na mmoja wetu aliyekuwa ameyaona akauliza kwa nini sisi tusijenge hivyo. Mhandisi alimwomba aonyeshe jiwe moja tu Mbugani. Hakuna, hapa ukichimba unakuta matope.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mikakao. Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na kwetu mikakao imesogea mpaka majini. Wenye mashamba waliogopa kwamba daraja limekuja kuwafukuza. Siku hiyo kikao kilivunjika.

Kilipokaa tena, yule bibi alisimama. "Mwanangu," alimwambia dada, "umeuliza samaki watapitaje chini. Je, juu kitapita nini? Na kitakuwa kinakuja kuchukua nini?" Swali liliingia kwenye mhtasari. Halikujibiwa, kwa sababu upana wa daraja ulikuwa umeshaamuliwa: gari moja.

Naona hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Karatasi zote zilipima kile ambacho daraja litaufanyia mto siku ya kujengwa. Daraja lilipokwisha, upana ndio ulioamua mengine, na sina chuki nao. Mama mjamzito sasa anavushwa kwa bajaji hadi mlangoni pa zahanati. Kakao inafika ghalani kwa uzito wake na kuuzwa mnadani kwa stakabadhi, na mlanguzi wa njemke, aliyekuwa akija usiku kununua mbichi kwa bei ya kutupa, hana tena kisingizio kwamba njia ni mbaya. Mwaka 2024 bei ya kakao ilipopaa dunia nzima, nadhani daraja lile liliingizia kijiji pesa kuliko kitu kingine chochote tulichowahi kujenga.

Lakini yamekuja pia malori ya mchanga. Yanavuka, yanageuza, yanashuka mtoni chini kidogo ya daraja na kupakia. Mchanga ukichimbwa upande wa chini, maji ya juu hupata mteremko na kukokota kitanda cha mto mpaka kwenye misingi. Kwenye baiskeli mchanga haukuwa biashara; gunia moja la mchanga lingevunja keria kabla ya kumlipa mtu.

Mpwa wangu anaendesha bodaboda na hakubaliani nami. "Mjomba, wewe unataka tukokote tena?" Sitaki. Ila nilipendekeza vichuma viwili vichimbiwe mwanzo wa daraja, vipitishe bajaji na gari dogo, vizuie lori. Vilichimbiwa, vikang'olewa usiku, vikachimbiwa tena kwa zege. Vijana wamepaka rangi nyekundu kwenye ukuta wa daraja pale kitanda cha mto kilipokuwa, na masika yaliyopita kilishuka chini ya rangi kwa zaidi ya urefu wa mkono. Mwenyekiti amepeleka barua wilayani akiambatisha picha ya ukuta na ukurasa wa mhtasari wenye swali la bibi.