Tofali Lenye Unyayo

Mabati yalishuka kwanza. Yalipong'olewa, misumari ililia kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Zikafuata kenchi. Kufikia adhuhuri darasa nililojifunzia kuhesabu lilikuwa wazi kwa mbingu, na ubao ule wa ukutani, tuliousiriba kwa mkaa wa betri kila muhula ulipoanza, ukapigwa na jua kwa mara ya kwanza.

Sikuja kuzuia. Nizuie nini? Ukuta wa mashariki umepinda tangu masika, na watoto wa darasa la pili wanasomea chini ya mwembe. Jengo jipya litakuwa na sakafu isiyotimka vumbi na paa lisilovuja. Nalitaka jengo hilo, nalitaka kwa moyo wote. Basi huzuni hii imepata wapi mlango wa kuingilia?

Shule yetu, hapa chini ya Milima ya Uluguru, ni mzaliwa wa miaka ile. Novemba 1974 Azimio la Musoma lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameingia darasani. Huko juu lilikuwa neno. Lilipofika kijijini lilidai udongo. Wazazi wetu wakabomoa vichuguu, wakaufinyanga udongo kwa nyayo zao, wakaujaza kwenye kalibu, wakaanika, wakapanga tanuri, wakakesha wakilisha kuni.

Mama yangu alikuwa katika kundi la maji. Alipanda kutoka mtoni, ndoo kichwani, akamwaga, akashuka tena. Hakuwahi kuketi kwenye dawati maishani mwake. Nilipokuwa mkubwa, na tayari nimeanza kujivunia vyeti, nilimwuliza kama jambo hilo halikumuuma. Alinyamaza, akaendelea kupepeta mchele wake. Kisha akasema, "Mimi nimo ukutani, mwanangu."

Nilidhani anatania.

Ametutoka miaka mingi sasa. Kaburi lake nalijua, nalifyekea nyasi kila nijapo. Lakini yale maji je? Zile safari za mtoni, shingo ile iliyonyooka chini ya mzigo, zimezikwa wapi? Au jasho halina kaburi, linakaa tu ndani ya kitu lilichokijenga, na kitu kikianguka linakwenda zake kimya kimya, bila msiba, bila wa kulipigia hodi?

Kila nyundo ilipotua nilijikuta nikifumba macho.

Labda siombolezi shule. Masomo nimebaki nayo, na mengi ya yale niliyosahau niliyasahau kuta zikiwa bado zimesimama. Labda ninaomboleza shahidi. Kulikuwa na kitu kimoja duniani, mbali na mimi, kilichojua kwamba mwanamke yule alipita hapa akiwa na nguvu zake zote. Sasa nimebaki peke yangu na siri hiyo. Nami ni ukuta gani? Nitasimama masika mangapi?

Jioni niliokota tofali moja. Upande wake mmoja una alama ya unyayo, unyayo mdogo, vidole vitano vimezama wazi. Mtoto fulani alikatiza uwanjani udongo ukiwa bado mbichi, na moto wa tanuri ukamtunza. Angeweza kuwa yeyote. Angeweza kuwa mimi, niliyemfuata mama kila mahali siku zile. Nilivua kiatu nikauweka mguu wangu juu yake, kana kwamba mguu wa mtu mzima unaweza kukumbuka ulikokuwa. Tofali lilikuwa bado na joto la mchana.

Kifusi hakitupwi. Vijana wanakibeba kwa toroli hadi kwenye msingi mpya, wanakimwaga ndani, wanakishindilia kuinulia sakafu. Nilisimama nikitazama vipande vya darasa la tatu vikipotea chini ya vipande vya darasa la nne, na katikati yao kipande cha ubao, cheusi, chenye vumbi la chaki.

Kijana mmoja alinikaribia. Alitazama mikono yangu, akashusha toroli taratibu.

"Na hilo, mzee?"

Nililigeuza tofali, unyayo ukaangalia kifuani kwangu. Nyuma ya kijana watu walikuwa wakimimina maji kwenye zege, na mama mmoja alikuwa akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Kijana alisubiri. Hakuniharakisha.